Msiba Usio na Watani

Mama yangu alizikwa Newala bila watani, na hilo linaniuma mpaka leo. Kwetu mtani ndiye anayechekesha msibani. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, hata kujilaza kaburini akigoma kutoka. Lakini watani wetu wote wamehama. Shamba la babu yao liligawanywa mpaka kila mmoja akabaki na mikorosho minne, tena mizee. Wakavuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji, wengine wakafika Afrika Kusini. Nani awalaumu? Mimi mwenyewe nilishahamia Masasi.

Siku ile kaburi lilichimbwa na wazee, wakipokezana jembe huku wakihema. Mama aliposhushwa, nikampigia simu mtani mmoja aliyeko Johannesburg, nikaweka spika, nikaishika simu juu ya kaburi ili atutanie kutoka hukohuko. Alianza vizuri.

"Amka wewe mvivu, unadhani nani atatwanga?"

Wazee wakatabasamu, wakasubiri aendelee. Tukamsikia analia.

Mtani halii msibani. Kulia ni kazi yetu sisi wafiwa. Nikakata simu, tukafukia kimya.