Mkanda Usikatike

Sauti ya mzee akianguka si kubwa. Ni puu moja tu, kama furushi la nguo mbichi linapotuliwa sakafuni. Dobi aliisikia Jumanne akiwa jikoni, na tangu siku hiyo, kila mwenzake alipotua furushi kazini, moyo ulimruka.

Miaka thelathini baba yake aliendesha mtambo wa sinema. Mkanda ulipokatika, ukumbi mzima ulipiga miluzi, naye aliuunga kabla mluzi wa tatu haujaisha. Sasa kumbukumbu zilikuwa zimemtoka nyingi, ila hiyo ilibaki. Sinema za zamani Dobi, bintiye, alimwekea kwenye kompyuta ya sebuleni, zikawa zinasafiri kwa waifai hadi televisheni ya chumba cha nyuma. Lakini kila picha ilipoganda na kile kiduara kuanza kuzunguka, mzee aliinuka kitandani kwenda kuunga mkanda. Miguu yake haikuwa na habari hiyo.

Daktari alisema akianguka tena, mfupa wa nyonga hautaunga. Nyumbani walijaribu kuizima televisheni. Mzee akagoma kula. Basi Dobi, baada ya kusimama na pasi tangu alfajiri, alirudi na miguu iliyovimba na kukaa kwenye kigoda mlangoni pa baba yake, akiilinda picha kama anayelinda maziwa jikoni yasifurike.

Jumamosi mchana akaja shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi wa simu.

"Ruta ya waifai iko wapi?"

"Kabatini."

"Kabati lipi?"

Akamwonyesha lile la chuma, lenye kufuli, alimoweka hati za nyumba, mashuka mapya na kila alichokiogopea. Shemeji alipolifungua, akakaa chini kabisa.

"Shemeji, umemfunga mtu jela, halafu unamlaumu hatembei. Mawimbi hayapenyi chuma."

"Niliambiwa ni kitu cha thamani."

"Na hiki kitambaa cha kudarizi juu yake?"

"Vumbi."

"Siku ukinithamini mimi hivi, nitakufa kwa kukosa hewa."

"Usiwe na wasiwasi, hujafikia thamani hiyo. Fanya kazi."

Dobi alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Miezi sita ruta ilikuwa imefungiwa humo. Kumbe aliyekuwa akiukata mkanda ni yeye, kwa kufuli lake mwenyewe.

Shemeji aliipandisha ruta juu ya rafu ya ukumbini, mkabala na mlango wa mzee, kisha akavuta waya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta. "Nusu ya safari iende kwa waya," alisema. "Hewani kuna msongamano, majirani wote wamo."

Alasiri sinema ikaanza. Dobi kigodani, mikono magotini, tayari kuruka. Ikafika pale msafiri anapopanda ngazi, mahali ilipokuwa ikiganda kila siku. Hata mzee alipajua. Alishusha mguu mmoja sakafuni, akangoja.

Msafiri akapanda. Akafika juu. Akafungua mlango.

Mguu ulikaa pale chini kitambo, halafu mzee akaurudisha taratibu ndani ya blanketi.

"Leo mtambo umetulia," alisema. "Nani anaendesha?"

Dobi aliegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango. Macho yalikuwa yakijifunga yenyewe.

"Ni mimi, baba," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa taabu. "Wewe tazama tu."