Risasi za Rafu ya Juu

Ijumaa, tarehe kumi na moja mwezi wa nane, saa kumi na mbili na robo jioni, nilimpoteza mke wangu, Mama Njeri. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuangalia simu. Mengine nitakayosema huenda usiyakubali, na sitakulaumu, maana hata polisi aliyeandika maelezo yangu hakuyakubali. Lakini mimi si mtu wa kutunga. Niliishia darasa la saba na sijui kupamba maneno. Nitasema nilichoona, basi.

Nilikuwa mlinzi wa shamba la kahawa upande wa Murera, karibu na Ruiru. Mwenye shamba anaishi Membley, na ana bunduki ya mitutu miwili yenye leseni, ya kulinda kondoo dhidi ya fisi na mbwa wa kuzurura. Shambani kuna bwawa, na bwawani hutua mabata wa mwituni. Kuwapiga mabata hao hatukuwa na ruhusa. Bosi alijua, na mimi nilijua. Lakini akiwa na wageni Jumamosi alikuwa akinipigia simu Alhamisi: "Nitafutie wanne, wanono," na mimi nilikuwa nikimtafutia.

Ni lazima nikueleze kuhusu risasi, la sivyo hutaelewa. Risasi ya bunduki ile si chuma kimoja. Ni kikopo kidogo chenye punje ndani. Kadiri namba iliyoandikwa kwenye boksi inavyokuwa kubwa, ndivyo punje zinavyokuwa ndogo. Namba sita ni kama mbegu za sukuma wiki, nyingi, zaidi ya mia mbili. Namba nne ni kubwa kidogo. Halafu kuna zile zilizoandikwa SG, ambazo ndani yake ni punje tisa tu, kila moja kama njegere. Hizo ni za fisi. Sisi tulikuwa na boksi za namba sita rafu ya chini, na boksi moja la SG rafu ya juu, kwenye kabati la chuma, pamoja na bunduki yenyewe, ndani ya chumba cha pampu kando ya bwawa.

Kwa bata nilitumia sita. Niliwahi kubandika karatasi ya simenti kwenye ukuta na kuipiga kutoka hatua arobaini, na nikaona sita inajaza karatasi yote. SG iliacha matundu tisa na katikati nafasi ya bata mzima kupita. Kwa hiyo kuchagua hakukuwa na shida. Miaka mitatu nilichukua rafu ya chini bila kufikiria.

Kulikuwa na sababu nyingine. Ng'ambo ya bwawa, kama hatua mia moja na thelathini, kuna nyasi ya nepia, na kila jioni mke wangu alikuwa huko akikata ya ng'ombe. Punje za sita zikifika huko zimechoka. Zilimwangukia kwenye majani kama manyunyu. Mara ya kwanza alipiga kelele. Baadaye alizoea, akawa anaweka karai kichwani akisikia mlio, halafu ananipigia simu kunicheka.

"Baba Njeri, leo umeninyunyizia chumvi kidogo sana. Ongeza."

"Si nimesema uhame hapo?"

"Nihame niende wapi na nyasi iko hapa? Hamisha mabata wako."

Tulikuwa hivyo. Watu wengine wataona ni ujinga, na ni ujinga kweli, lakini kitu kikikunyeshea miaka mitatu bila kukuumiza unaanza kukiita mvua.

Sasa mabata si wajinga. Mwaka huo walianza kutua mbali, katikati kabisa, ambapo sita inawafikia lakini haiwaui. Wiki moja kabla ya ile Ijumaa nilimjeruhi mmoja. Aliingia kwenye matete upande wa mke wangu, akakaa huko siku mbili akilia. Usiku wa pili Mama Njeri alikuja nyumbani akaweka mundu chini bila kunisalimia.

"Yule bata bado analia," akasema. "Mtu akipiga, apige afe. Usinipigie kitu nusu nusu."

Niliona haya. Hayo ndiyo maneno yake, na nakuomba uyashike.

Ijumaa hiyo bosi alitaka wanne kama kawaida. Nilifika chumba cha pampu jua likiwa chini, nikakuta mtu ameketi kwenye ngazi ya mlango. Mzee hivi, kabuti refu la zamani, miguu mitupu. Kabuti lilikuwa limeloa mpaka magotini na mvua hatukuwa tumeiona tangu mwezi wa sita. Miguu yake ilikuwa myeupe na yenye makunyanzi, kama vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima.

"Habari ya jioni, mpigaji," akasema.

"Nzuri, mzee. Huku ni kwa mtu. Umeingilia wapi?"

"Mimi nilikuwa naokota hapa kabla hujazaliwa. Wazungu wanapiga, mimi naingia majini naokota." Akasogea kunipisha. "Fungua, fungua. Wamekaa mbali leo."

Nilifikiri ni mzee wa pale karibu aliyechanganyikiwa kidogo. Wako wengi. Nikafungua kabati, nikanyoosha mkono rafu ya chini, nikashika mbili.

"Sita," akasema nyuma yangu. "Sita haiui. Sita inatesa."

Nikageuka. Alikuwa amekunja mkono wa kabuti. Amini usiamini, ngozi ya mkono wake ilikuwa na matundu kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, makavu, bila damu, kama ukuta wa udongo uliotobolewa na nyigu. Akaminya moja kwa kidole gumba. Ikatoka punje, akaiweka kwenye kiganja changu. Ilikuwa baridi.

"Hiyo ni sita. Imeishia kwenye nyama. Nilikaa nayo siku nne nikilia kwenye matete, wao wanakunywa chai." Akafungua kifungo cha juu. "Hapa ni nne. Imefika kwenye mfupa, ikasimama. Siku mbili." Alikuwa akinionyesha kama fundi anayeonyesha kazi zake. "Hakuna aliyenihurumia akachukua kubwa."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko wewe. Ukweli ni kwamba niliogopa, lakini alichokuwa anasema kilikuwa na maana. Nilikuwa nimesikia bata akilia siku mbili. Halafu akaongeza, polepole, na sauti ikawa karibu kama ya mwanamke:

"Mtu akipiga, apige afe. Usinipigie kitu nusu nusu."

Hayo maneno yalisemwa ndani ya nyumba yangu, mlango ukiwa umefungwa. Nilimwangalia usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, nakuapia, huruma kama ya mtu anayekulisha ukiwa mgonjwa.

"Nani yuko ng'ambo?" akauliza.

"Mke wangu. Anakata nyasi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Vizuri," akasema. "Chukua za juu. Na usingoje wapande. Piga wakiwa bado chini, wamejaa pamoja."

Nilirudisha sita kwenye rafu. Nikachukua SG mbili. Mkono ulikuwa wangu na hakuna aliyeushika. Ningeweza kusema aliniroga, na watu wa kanisa letu wangependa niseme hivyo, wameniambia hata cha kusema. Lakini akili yangu ilikuwa sawa. Nilijua SG inakwenda mbali. Nilijua Mama Njeri yuko ng'ambo. Nilimjua pale alipo kwa namna unavyojua ukuta wa nyumba yako, na hakuna mtu anayeufikiria ukuta. Nilikuwa nafikiria bata.

Nikaangalia simu. Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Nikalala tumbo pembeni ya ngazi. Mabata walikuwa kama ishirini katikati ya maji. Mzee akapiga kofi moja, wakainuka wote, chini chini, wakielekea ng'ambo. Nikapiga mtutu wa kwanza na wa pili.

Bata mmoja alianguka. Nikasikia punje zikipita kwenye nepia, na hazikusikika kama manyunyu. Zilisikika kama mtu anayerarua nguo.

Karai lilipiga jiwe. Halafu kimya.

Niligeuka kumtafuta yule mzee. Hakuwa kwenye ngazi. Alikuwa ng'ambo, amesimama kwenye nepia, na kutoka pale hadi kule kwa kuzunguka bwawa ni mwendo wa dakika tatu hata kwa mtu anayekimbia. Aliinama. Aliinua kitu kwa mkono mmoja kama mtu anayepima uzito wa bata kwa shingo, na nikaona ni kitambaa cha kichwa cha mke wangu, na kichwa kilikuwa ndani yake. Akaniangalia. Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu aliye karibu na sikio langu.

"Umeona? Hakulia hata kidogo."

Akamlaza taratibu, akaingia majini na kabuti lake, akaenda mpaka yakamfunika.

Nilizunguka bwawa. Zilikuwa punje mbili, moja shingoni, moja chini ya titi. Karai lilikuwa bado mkononi mwake. Hakuwahi kulifikisha kichwani, na hata angelifikisha lisingesaidia.

Polisi waliniweka ndani siku kumi na tisa, na kesi yangu haijaisha. Yule aliyeandika maelezo alikuwa kijana mpole. Nilipofika kwa yule mzee aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu, kweli niandike hivyo?"

"Andika."

"Watasema unajifanya kichaa."

"Si kichaa. Risasi nilichagua mwenyewe. Andika hilo pia."

Aliandika la risasi. La mzee aliliacha.

Bosi alikuja mazishini na shati jeupe. Alinivuta kando ya hema, akanishika bega, akaniambia wageni wake walikuwa tayari njiani ile Jumamosi, hangeweza kuwarudisha, na kwamba yule bata mmoja walimpika. "Alikuwa laini sana," akasema. Alidhani ananifariji. "Angalau hiyo haikupotea bure."

Nimewauliza wazee wote wa Murera na hadi wengine wa Ruiru mjini kuhusu mwokotaji wa wazungu aliyepigwa bwawani. Hakuna anayemkumbuka. Siwezi kukuambia ni nani, na sitabuni. Ninachoweza kukuambia ni kwamba tangu mwezi huo nauma punje kwenye chakula. Si kwenye nyama, nyama niliacha. Kwenye ugali, kwenye githeri, mara moja kwenye uji wa binti yetu Njeri, alipokuwa bado kwangu, niliouonja kabla ya kumpa. Daktari wa meno wa Githurai ameng'oa mawili yaliyopasuka, na ameziona punje zenyewe. Anasema niache kununua mahindi ya barabarani. Zote ni ndogo. Zote ni namba sita.

Wewe unayesoma, kama una bunduki na kibali chako, sina la kukufundisha kuhusu bata. Nakuonya jambo moja. Atakuja mtu kukuambia kwamba kubwa ndiyo huruma. Atakuwa na sababu, na sababu zake zitakuwa nzuri, na huenda akatumia maneno ya mtu unayempenda. Usimjibu. Kwanza angalia ng'ambo, na usinyanyue bunduki mpaka uwe umemtaja kwa jina kila aliye huko.

Jumapili zote naenda kwa mama mkwe wangu, Juja. Ndiye anayekaa na Njeri sasa. Haniruhusu kuingia ndani, lakini huniletea chai nje, kwenye kiti cha plastiki, na tunakaa bila kusema. Jumapili iliyopita alisema.

"Baba Njeri, nataka kukuuliza kitu na usinidanganye."

"Sitakudanganya, mami."

"Zile za kwanza. Zile ndogo ulizokuwa umeshika ukazirudisha. Zingemfikia mtoto wangu?"

"Zingemfikia."

"Zingemfanya nini?"

Nilitaka sana kusema sijui.

"Angenipigia simu kunicheka," nikasema.

Akachukua kikombe mkononi mwangu, chai ikiwa haijapungua, akaimwaga kwenye nyasi, akaingia ndani, na nikasikia akisukuma komeo.