Kikombe cha Kuongeza Damu

Nyumbani kwangu Miyuji, hapa Dodoma, pombe haiingii. Hivyo ndivyo nilivyojitapa kwa miaka mingi, na majirani ni mashahidi, maana wapo niliowatimua barazani kwa kunuka tu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mama wa kanisani, na mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema. Hilo nalitaja mapema kwa sababu aibu ya habari hii iko mahali pamoja ambapo mdomo huo ulinyamaza.

Jikoni, nyuma ya ndoo ya unga, kulikuwa na chupa. Marehemu mume wangu aliniachia ekari moja ya zabibu Makutupora. Mwaka ambao wanunuzi wanasuasua huwezi kuziacha zabibu zioze shambani. Unazikamua, unapata mchuzi, ndiyo maji yake matamu, na mchuzi ukikaa kwenye pipa wiki kadhaa unakuwa mvinyo. Sisi tuliolima hatukuuhesabu kuwa pombe. Pombe ilikuwa ile ya mtama, ya kilabuni, inayowalaza wanaume mtaroni. Mvinyo mwekundu ulikuwa dawa. Mtu akitoka kufanyiwa upasuaji alipelekewa chupa, na mzazi aliyepoteza damu alipelekewa chupa. Rangi yenyewe si unaiona? Nami niliyefundisha sayansi darasa la tano miaka ishirini sikuwahi kujiuliza zabibu na damu zilijuana lini.

Mwanangu ni fundi umeme. Mkewe alipokuwa na mimba ya miezi minne, kazi ilimpeleka mwanangu Singida, akamleta mkewe akae kwangu. Binti huyo ni Msandawe wa Chemba, mpole, wa maneno machache, mwenye kuamka kabla yangu na kufagia uwanja kimyakimya. Siku moja alirudi kutoka kliniki akaniambia damu yake imeonekana ndogo. Alipewa vidonge, na vidonge vilimtia kichefuchefu.

"Vidonge peke yake?" nikamwambia. "Subiri uone."

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya chakula nilimmiminia kikombe cha mvinyo. Hakikuwa kidogo, kilikuwa kikombe cha chai, tena cha bati. Alikipokea kwa mikono miwili, amepiga goti, kama mkwe anavyopokea kwa mama mkwe. Kwetu mkwe hakatai kilichotoka mkononi mwa mama mkwe. Angekirudisha, maneno yangefika Chemba kabla ya mvua. Siku za mwanzo alikunja uso, akaniuliza, "Mama, mbona kama kinapanda kichwani?"

"Ndiyo damu inapanda hiyo," nikamjibu, nikacheka.

Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, kwa sababu niliona nimejibu kwa akili. Tuliendelea hivyo miezi mitano, hadi wiki ya kujifungua.

Mjukuu wangu alizaliwa mdogo, mdogo kuliko watoto wote waliolazwa siku ile. Tukasema mfupa wa kwao ni mwembamba. Alichelewa kutembea, tukasema ni mvivu kama babu yake. Kila jambo tulilipatia sababu. Ni mtoto wa kupendwa hata na mgeni, tena hapo ndipo ilipokuwa shida mojawapo, maana alimkumbatia mgeni yeyote na kumfuata barabarani. Ukimtuma chumvi alirudi na kiberiti, au hakurudi, unamkuta anaangalia kuku. Kelele za harusi zilimliza. Asubuhi nilimfundisha kuhesabu hadi kumi kwa visoda, akafika kumi, tukapiga makofi. Jioni alivitazama visoda kana kwamba hajawahi kuviona.

Nilimkasirikia. Niseme ukweli, nilimkasirikia sana, na mara mbili nilimchapa kiganjani kwa rula. Nilidhani ananichezea. Nilikwisha kuwachapa wengi wa namna yake katika madarasa yangu, watoto ambao siku hizi usiku sipati usingizi nikikumbuka nyuso zao, na wote tuliwapa jina moja: wazito.

Alipofika miaka minane bado alikuwa darasa la kwanza, kwa mara ya tatu. Mwanangu alikuwa amesharudi Dodoma, wamejenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu. Jumamosi moja alitoka kwenye kikao cha wazazi na hasira zake zote, akamkuta mkewe anaanika nguo.

"Huyu mtoto amerithi kwenu," akamwambia. "Kwenu ni watu wa porini, kuelewa kitabu ni shida. Basi aende huko huko kwa bibi yake Chemba, akachunge mbuzi. Shule ikifungwa nampeleka."

 Mkwe wangu aliendelea kubana nguo kwenye kamba. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka hapo, nimeketi kwenye mkeka nachambua mchele. Niliendelea kuchambua mchele. Ukweli ni kwamba wakati ule sikuwa nimejua kosa langu, lakini nilijua kwamba maneno yale si ya kweli na si ya haki, nikayaacha yapite kwa sababu yalikuwa yanauondolea lawama ukoo wangu.

Mwalimu wa darasa, msichana mdogo mwenye subira ambayo mimi sikuwa nayo, ndiye aliyeshauri mtoto apelekwe hospitali kabla ya kuamuliwa lolote. Mwanangu alisema hana muda. Nikaenda mimi na mama yake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Kwanza alicheza na mtoto, akampangisha vibao vya rangi, akampima kichwa kwa utepe, akamtazama uso kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama yake na maswali. Ulijifungua mimba ya miezi mingapi? Uliugua malaria? Ulikunywa dawa gani? Pombe je?

"Hapana, daktari," mkwe wangu alisema. "Sijawahi."

Nikatikisa kichwa kukubaliana naye, kwa moyo safi kabisa.

Daktari hakuandika. "Nauliza na mvinyo pia," akasema taratibu. "Huku kwetu kina mama wengi wanaambiwa unaongeza damu. Hauongezi. Mama akinywa, mtoto tumboni naye anakunywa, na ubongo wake ndio unaumia. Hakuna kipimo tunachoweza kusema hiki ni salama. Siulizi ili nimlaumu mtu. Nauliza ili nijue namna ya kumsaidia huyu."

 Nikamtazama mkwe wangu nikitarajia kumwona ameshtuka kama mimi. Hakushtuka. Alikuwa ameinamisha macho kwenye mikono yake, na akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Hapana, daktari."

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa anajua. Alijua, na alikuwa ananifichia aibu yangu.

"Alikunywa," nikasema. "Nilimpa mimi. Kikombe kila jioni, miezi mitano. Hakuweza kunikatalia."

Kisha nikalia mbele ya mtu ninayemzidi miaka ishirini. Mjukuu wangu aliacha vibao vyake akaja kunifuta machozi kwa gauni lake, jambo ambalo lilizidisha kilio.

Daktari alituachia muda. Alisema hawezi kuapa kwamba ni mvinyo peke yake, maana hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha hilo, ila ukubwa wa kichwa, uso na yale tuliyomweleza vinaelekea huko. Alisema jeraha la namna hiyo halifutiki, lakini mtoto anafundishika. Apewe neno moja kwa wakati mmoja. Siku yake ipangwe vilevile kila siku. Asichapwe, kwa sababu hasahau kwa makusudi. Akaongeza kwamba watoto hawa wanahitaji sana nyumba isiyobadilikabadilika, na kuwahamishahamisha kunawarudisha nyuma.

Tulipotoka tuliketi kwenye benchi la nje kusubiri tarehe ya kurudi.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi, mama. Nilisikia redioni nikiwa nasuka."

"Mbona hukuniambia?"

 "Ningekuambiaje, mama? Ulikuwa unaniletea kwa upendo. Nilikuwa natapika, mume yuko mbali, na wewe ndiye uliyekuwa unaniuliza kila jioni kama nimekula." Akamvuta mtoto aliyekuwa anataka kumfuata muuza karanga. "Tena mimi ndiye niliyekunywa."

"Usiseme hivyo."

"Nalisema kila siku, mama. Leo ndiyo mara ya kwanza kulitoa mdomoni."

Nilimshika mkono. Sijui kama nilikuwa na haki ya kumshika, lakini hakuutoa.

Mwanangu alirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Nilimsubiri sebuleni kwake, nimesimama, kwa sababu niliona nikikaa nitakuwa mama tena na yeye atanionea huruma. Nikamweleza yote, kuanzia zabibu hadi maneno ya daktari. Nikamwambia mkewe hana kosa na ukoo wa mkewe hauna kosa. Alisikiliza huku amekunja mikono. Alipofungua kinywa, nilikuwa tayari kwa hasira zake juu ya mvinyo.

"Siku ile nilipowatukana kwao," akasema, "wewe ulikuwa pale kwenye mkeka."

"Nilikuwepo."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza. Mama, wewe? Wewe unayemkosoa mpaka mchungaji?"

 Mvinyo nilimpa kwa kutojua, na hilo Mungu analiona. Kunyamaza nilinyamaza nikijua. Mwanangu akaketi, akashika kichwa, akaanza kusema kwamba basi atafikiria, pengine mtoto asiende Chemba muhula huu, pengine mwakani, tutaona.

Mkewe alikuwa mlangoni, mtoto ameegemea kiuno chake. Katika miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kumwona akizungumza nasi bila kuinama kidogo. Safari hii alisimama wima, akatutazama mimi na mume wake niliyemzaa mwenyewe, sote wawili sawasawa.

"Hamtafikiria ninyi," akasema. "Nyie mlikwisha kuamua vya kutosha. Mtoto wangu haendi popote."