Bakuli la Mama Zuhura

Upishi nimejifundisha mwenyewe, kwa kupima na kuandika. Jaribio la nne la tende zilizoviringishiwa bekoni na kupakwa asali lilifaulu kabisa. Hakuna hata moja iliyofunguka, na hilo bado najivunia. Tende alinipa jirani yangu wa Bondeni, Mama Zuhura, wakati wa Ramadhani, na bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nikalijaza, nikampelekea saa ya kufuturu.

“Baba Kamau, umezifanyia nini tende zangu? Zinanukia!” akasema, mkono ukielekea bakulini.

Nikamweleza kwa fahari: moto, dakika, asali.

“Na nyama hii?”

“Ya nguruwe, Mama. Vipande vyembamba kabisa.”

Mkono ukasimama. Nami ndipo nikasikia nilichosema.

“Bakuli,” akasema taratibu, “baki nalo.”