Kabichi ya Osaka

Kila Jumapili akina mama wa kanisa hapa Takoma Park, Marekani, wananishika mlangoni: "Ebu tuambie, Japani kulikuwa aje?" Nawaonyesha picha za kasri, wanashangaa, wanaenda zao. Lililonikasirisha sijawaambia, maana nikianza nitapandisha sauti, na hapo ni kanisani.

Binti yangu anafundisha Kiingereza Osaka, huu mwaka wa tatu. Niliomba likizo kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanda ndege nikiwa na hamu moja: kumwona na kutembezwa. Na kweli alinitembeza. Tulipanda ngazi za kasri mpaka magoti yakalia. Tukapita kando ya mfereji wenye mataa mengi kuliko Krismasi, akaninunulia viduara vya unga vyenye pweza ndani. Pweza! Mimi mtu wa Kakamega, pweza nimemwona wapi? Cha kwanza kilinichoma ulimi nikakitema kwenye karatasi, halafu nikaomba kingine, maana utamu ulikuwa umebaki mdomoni.

Sasa basi. Mji mzima unanukia vyakula, kila kona watu wamepanga foleni, lakini jioni ikifika mtoto ananirudisha kwenye kihoteli kimoja cha uchochoroni, stuli nane tu, mama wa umri wangu akikaanga kabichi na unga juu ya bamba la chuma. Siku ya kwanza, sawa. Siku ya pili nikauliza, "Tena?" Siku ya tatu nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa vile nani angenielewa: "Yaani nimekaa kwenye ndege saa zote hizo nije kula kabichi? Sukuma wiki ilikuwa na kosa gani?" Yule mama akatabasamu, akainama, akaniongezea kipande cha nyama. Mwanawe, mwanamume wa miaka thelathini hivi, akaleta maji bila kunitazama usoni. "Na huyu je, ameangusha nini hapo chini?" nikauliza. Binti yangu hakucheka. Ningepaswa kujua hapo.

Siku ya nne nilikataa kwenda. Nikasema leo nataka samaki wabichi ninaosikia habari zao. Akanishika mkono, macho yamejaa machozi: "Mama, leo tu." Tukaenda. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Yule mama alikuwa amevua aproni, amevaa nguo nzuri, nywele amezichana. Akaniwekea sahani, nikala kidogo, kisha akanipa kwa mikono miwili kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. Mwanawe akaja akasimama kando ya binti yangu. Karibu sana.

Nilielewa kabla mtu hajafungua mdomo. Nikaweka uma chini.

Woi! Kwetu mama hagusi chakula cha watu wanaomtaka binti yake mpaka wazee waketi, wazungumze. Hata chai hagusi. Ukila, umekubali. Na mimi nilikuwa nimekula, nikaongezewa, nikalamba mchuzi!

"Umeniuza kwa kabichi," nikamwambia. "Mimi mama yako! Umenilisha kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, hajui anaenda wapi!"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote. Kwamba mwaka jana alinipigia simu akaniambia kuna mtu, nami nikamwambia asiniletee mambo ya huko, nikakata. "Ningekuambia, Mama, ungekuja?"

Nisingekuja. Hilo lilinichoma zaidi, kwamba alinijua hivyo. Lakini kujua ukali wa mama si ruhusa ya kumfanya mjinga mbele za watu, na hadi leo nasema hivyo.

Yule mama alikuwa akitazama mdomo wangu, kisha wa binti yangu. Akauliza kitu kwa upole. Akauliza tena, sasa si kwa upole.

"Anasema nini?"

"Anauliza kwa nini umekasirika. Nilimwambia unajua, Mama. Nilimwambia umekuja kwa ajili yao."

Ati nini? Kumbe na yeye amechezewa! Nikamwamuru binti yangu amwambie ukweli wote, hapo hapo. Akamwambia. Yule mama akaketi kwenye stuli ya wateja, uso umemshuka. Halafu akamgeukia mwanawe, na ingawa sikuelewa hata neno moja, nilifuata kila kitu. Nimelea watoto watatu, hotuba hiyo naijua. Nikamsaidia kwa Kiswahili upande wa binti yangu. Tuliwasema wale wawili mpaka tukachoka.

Kisha yule mama akanyoosha mkono aondoe sahani yangu. Alifanya hivyo kwa heshima, kwa kuwa sasa alijua sikuwa nimekubali lolote. Binti yangu alikuwa anaitazama sahani hiyo kama mtu anayengoja hukumu, maana desturi yetu anaijua vizuri.

Hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Jioni zote hizo yule mwanamke alikuwa anamlisha mkwe wake, kwa moyo wake wote, na mimi nilikuwa nakula kama abiria wa basi, nikimsema mbele ya uso wake.

Nikaishika sahani. "Mwambie aiache, bado nakula."

Binti yangu akaanza kulia.

"Wacha kulia, wewe sijamalizana nawe," nikamwambia. "Muulize anaitwa nani. Nimekula mkononi mwake siku nne na sijauliza."