Ndoo Mbili za Katoyi

Nyumba tuliyopanga mtaani Katoyi ni ya mbao, na bomba lake limeoza. Kwa hiyo nilikataa chujio la maji la kufungwa ukutani kwenye bomba, nikachagua la ndoo mbili zilizopandana, lenye mshumaa wa udongo wa kuchujia ndani ya ndoo ya juu.

Vita vilipoingia mtaani, bomba likakauka. Mjukuu wetu alikuwa anaharisha, na maji ya ziwa yasiyochujwa yangemuua. Tulilala chini, mimi nikiomba. Risasi ikapasua ukuta, ikatoboa ndoo ya juu na kutokea upande wa pili.

“Muzee, Mungu amekusikia, sasa lete sabuni!” mke wangu akapiga kelele.

Akatambaa juu ya vipande vya mbao, damu ikimtoka kiwikoni, akaziba matundu yote mawili kwa sabuni, kama tunavyoziba bidoni la kuchotea maji linalovuja. Maji yaliyochujwa yakaendelea kudondoka katika ndoo ya chini. Mtoto akanywa, nasi tukashukuru tukiwa bado chini.