Raba za Darasa la Sita

Mwalimu Selestina alipohamia shule ya msingi moja nje kidogo ya Mnyambe, alikuta kompyuta za msaada zimefungiwa stoo. Mwalimu mkuu, Nikolao, alizithamini sana. Alizifunika kanga, akaziweka pamoja na mifuko ya salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho ya shule, kwa sababu huku kwetu salfa ndiyo hupewa kufuli kubwa kuliko yote. Wanafunzi walijifunza kompyuta kwa kuchorewa ubaoni.

Kisha afisa elimu akapiga simu. Angekuja Ijumaa, na kama kompyuta hazitumiki, zingepelekwa shule ya mjini.

Wakazitoa, wakaziwasha. Hakuna hata moja iliyoamka. Selestina akafungua mojawapo, akakuta unga wa njano umetanda kila mahali.

"Mkuu, umezipulizia salfa hizi?"

"Ninyi Wamakua mna maneno," Nikolao, mtani wake Mmakonde, akajibu, lakini hakucheka. "Nimewaponza watoto."

Selestina akaenda kwa Mama Fatu, jirani wa shule, aliyekuwa amenunua mashine mpya ya kupulizia mikorosho.

"Shikamoo, Mama Fatu. Naomba mashine yako kabla haijaonja salfa."

"Marahaba, mwalimu. Chukua. Lakini ikizoea kompyuta ikakataa mikorosho, utakuja kupulizia kwa mdomo!"

Kompyuta zikapangwa uwanjani. Selestina akasimama mbali kidogo, akaelekeza upepo, vumbi la njano likaruka. Akaziwasha tena. Kimya. Nikolao akaketi kwenye ngazi, ameshika kichwa.

Selestina hakukata tamaa. Chuoni alikuwa amejifunza kwamba vyuma vidogo vya kadi ya kumbukumbu vikipata kutu, mashine haiamki.

"Darasa la sita, nani ana raba?"

Wakamletea za kila namna. Ya Faidha ilikuwa imetafunwa pembeni. Akachomoa kadi hizo, akawaonyesha namna ya kusugua vyuma vyake taratibu, nao wakasugua kama wanaofuta jibu lililokosewa. Aliporudisha kadi na kubonyeza tena, mashine ya kwanza ikalia, kioo kikawaka. Mama Fatu, aliyekuwa amefuata mashine yake, akapiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia. Ikafuata ya pili, kisha nyingine. Moja tu iligoma kabisa. Hiyo ikabaki wazi, watoto wajifunze matumbo yake.

Ijumaa afisa akaja na gari na kamba za kufungia mzigo. Darasani akamkuta Faidha anachapa jina la kijiji chake.

"Nani amekufundisha, binti?"

"Shikamoo, mzee. Subiri kidogo, sijamaliza."

Afisa akacheka, akasubiri. Kisha akawaambia walimu, "Hizi haziendi popote." Darasa likalipuka kwa makofi, na kamba zikarudi mjini bila mzigo.

Jioni ile Nikolao akamkabidhi Selestina ufunguo wa chumba cha kompyuta. Stoo akaiachia salfa. Siku hizi, wakati wa kipindi, utamkuta mwalimu mkuu ameketi kwenye benchi nyuma ya Faidha, anangoja zamu yake.